Mishipa ya ubongo iliyosinyaa: mwongozo kamili wa kupata picha inayoionyesha

Familia nyingi za huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, hukwama mahali pamoja. Mgonjwa amelegea mkono na mguu wa upande mmoja kwa nusu saa, kisha nguvu zikarudi. Anapigwa skani ya CT ya kichwa, ripoti inasema hakuna damu iliyovuja, na wote wanarudi nyumbani wakiamini kichwa ni kizima. Siku chache baadaye kiharusi kamili kinamwangusha.

Skani ile iliulizwa kama kuna damu iliyovuja, ikajibu hilo. Hali ya mishipa haikuulizwa na mtu yeyote. CT ya kawaida, isiyo na dawa ya kontrasti (dawa ya kudungwa inayofanya mishipa ionekane), huonyesha nyama ya ubongo. Mpunga wa Ahero ukikauka, picha ya shamba itakuonyesha ploti iliyokauka, lakini haitakuonyesha mfereji umezibia wapi. Tena katika saa za mwanzo baada ya kiharusi cha kuziba, hata hiyo sehemu iliyokosa damu inaweza isionekane kwenye CT.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na mtu anayemsindikiza. Unaeleza jinsi ya kuipata picha ya mishipa yenyewe, kuipata ikiwa nzuri, na kuifikisha kwa daktari atakayeamua matibabu.

## Kama dalili zinaendelea sasa hivi

Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa: acha kusoma. Mpeleke mgonjwa mara moja kwenye hospitali yenye CT inayofanya kazi usiku na mchana, hata ikibidi kuipita ile iliyo karibu isiyo nayo.

Shika akilini saa ya mwisho aliyoonekana akiwa mzima. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu wakati huo, na wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha wanaweza kutolewa bonge kwa mrija hadi saa 24. Aliyeamka tayari amepooza huhesabiwa tangu alipolala akiwa mzima.

Usimpe aspirini nyumbani, maana kama damu imevuja utaiongeza. Usimpe chai wala uji, kwa kuwa koo lililopooza hupitisha chakula kwenye mapafu. Usimwongezee vidonge vya presha ili "ishuke haraka", kwa sababu ubongo ambao mshipa wake umeziba unategemea presha hiyo hiyo kupata damu kidogo iliyobaki.

Na kama dalili zimeisha zenyewe kabla hujapata gari, nenda hivyo hivyo, siku hiyo hiyo. Kiharusi cha kupita hufuatwa na kiharusi kamili mara nyingi zaidi ndani ya siku 2 za kwanza kuliko wakati mwingine wowote. Kwa mgonjwa kama huyu hatua zote zilizo hapa chini zinapaswa kwenda haraka, ikiwezekana akiwa bado ndani ya wodi.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Fomu ya maombi ya picha au barua ya rufaa, iliyojazwa kama inavyoelezwa kwenye hatua ya 1.
- Majibu ya kipimo cha figo, yaani kreatinini, na ile namba ya eGFR inayokokotolewa nayo. Yawe ya karibuni.
- Pakiti zenyewe za dawa anazotumia. Orodha ya kukumbuka kwa kichwa huacha dawa nje.
- Picha zote za zamani kwenye diski, pamoja na ripoti zake.
- Kitambulisho na usajili wa SHA, shirika lililochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.
- Flash mpya. Vituo vingine huikataa kwa kuogopa virusi na kukupa CD, ni sawa.
- Mtu aliyeshuhudia dalili zikitokea. Huyu ni wa maana kuliko mtoto msomi aliyekuja na ndege kutoka Nairobi lakini hakuona chochote.

## Hatua ya 1: Swali sahihi liandikwe kwenye fomu

Radiografa hupiga kile alichoandikiwa. Fomu ikisema "CT ya kichwa, kiharusi", atapiga ubongo bila kontrasti, na hana kosa.

Fomu inayofaa husema dalili zilikuwa upande gani, zilianza lini na zilidumu muda gani. Kisha hutaja kipimo kwa ukamilifu: CTA (CT ya mishipa yenye kontrasti) ya kichwa na shingo, kutoka upinde wa aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, hadi utosini, kutafuta ateri, yaani mshipa wa kupeleka damu, iliyosinyaa au iliyoziba. Upande ni wa lazima. Mkono wa kulia ukilegea, daktari wa radiolojia anajua aanze kuzikagua ateri za kushoto, kwani upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mwili wa kulia.

Shingo na kichwa viende pamoja. Kuna wanaorudi na dopla ya shingo (ultrasaundi ya mwendo wa damu) iliyo safi na kuambiwa mishipa yote iko sawa, ilhali dopla ya shingo haiingii ndani ya fuvu. Watu wenye asili ya Afrika hupata ateri zilizosinyaa ndani ya fuvu kwa wingi kuliko Wazungu, kwa hiyo shingo safi isitufariji mapema.

Wengi huona aibu kumwuliza daktari. Unaweza kusema hivi: "Daktari, samahani kidogo. Skani imesema hakuna damu iliyovuja, tunashukuru. Mishipa yenyewe ya kichwa na shingo imeangaliwa? Kama bado, tunaomba utuandikie." Hakuna daktari mwema atakayechukizwa na swali hilo.

Hatua imekamilika fomu inapotaja mishipa, upande na tarehe. Isome kabla hujatoka kwenye mlango wa kliniki.

## Hatua ya 2: Chagua kipimo kinachomfaa mgonjwa

CTA ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi. Dawa yenye madini ya iodini hudungwa kwenye mshipa wa mkono, na mashine hupiga picha dawa hiyo inapopita kwenye ateri. Upigaji wenyewe ni wa sekunde chache, jambo la maana kwa mgonjwa asiyeweza kutulia. Udhaifu wake ni kwamba chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa ateri hung'aa na kuifanya ionekane imebana kuliko ilivyo.

MRA hutumia mashine ya MRI, ile ya sumaku. Aina yake ya kawaida husoma mwendo wa damu yenyewe bila dawa yoyote, kwa hiyo inamfaa mwenye figo dhaifu au aliyewahi kudhurika na kontrasti. Ikiambatana na MRI ya ubongo inaonyesha hata kiharusi kidogo kilichotokea muda mfupi uliopita, ambacho CT haikioni. Lakini mgonjwa hulala ndani ya bomba lenye kelele kwa dakika 30 hadi 45 bila kutikisika. Damu inapokwenda kwa msukosuko, MRA hupoteza alama na kutia chumvi: penye kubana kwa wastani panaweza kuonekana pamekatika kabisa.

Dopla ya fuvu ni ultrasaundi inayopima kasi ya damu kupitia mfupa mwembamba wa panja. Ni rahisi, haina mionzi, na kwa watoto wenye selimundu (sikoseli) haina mshindani. Kwa wazee, hasa akina mama, mfupa wa panja mara nyingine huwa mzito na sauti haipenyi.

Angiografia ya mrija, inayoandikwa DSA, ndiyo kipimo cha mwisho. Mrija hupitishwa kwenye ateri ya nyonga au ya kifundo cha mkono hadi shingoni, dawa ikadungwa humo humo. Hakuna inayoonyesha vizuri zaidi. Ina hatari ndogo ya kusababisha kiharusi chenyewe, kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, kwa hiyo huombwa pale CTA na MRA zinapopingana au matibabu ya mrija yanapofikiriwa. Mtu asikubali kuanza nayo.

Ukiniuliza mimi: mtu mzima mwenye figo nzuri apate CTA. Kijana ambaye chanzo cha kiharusi chake hakieleweki ni vyema afike kwenye MRI pia, kwa sababu MRI yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 3 inaweza kupiga picha ya ukuta wa ateri na kusaidia kutofautisha mafuta yaliyoganda, uvimbe wa maambukizi na ukuta uliochanika.

## Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kupanda matatu

Mgonjwa aliyepooza akitolewa Bondo au Kapsabet hadi mjini na kukuta mashine imeharibika, amechoka bure na nauli imekwenda. Iwe unaelekea Jaramogi pale Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, au hospitali ya rufaa ya Nakuru ambayo wengi wanaijua kama PGH, au Moi kule Eldoret, au kituo cha binafsi, uliza haya:

"Habari ya asubuhi. Nina mgonjwa wa kiharusi, tumeandikiwa CTA ya kichwa na shingo. Mashine inafanya kazi leo? Mna mashine ya kusukuma kontrasti, na dawa yenyewe ipo? Nani atasoma picha, na ripoti inatoka baada ya muda gani? Bei inajumuisha kontrasti na diski? Idhini ya SHA inahitajika kabla ya kuja?"

Swali la mashine ya kusukuma dawa ndilo linalosahaulika. CTA inataka kontrasti iingie kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, ili ateri zijae kabla dawa haijafika kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Mkono wa mwuguzi na sirinji hauwezi kasi hiyo, na picha inayotoka huwa hafifu.

Kwa MRA, uliza nguvu ya mashine. Tesla 1.5 inatosha vizuri. Mashine za wazi zenye nguvu ya Tesla 0.3 zinafaa kwa magoti na mgongo, ila ateri ndogo za ubongo hazitoki vizuri humo.

Andika jina la aliyekujibu na saa uliyopiga. Ukifika na kuambiwa jambo tofauti, una mtu wa kumwuliza.

## Hatua ya 4: Andaa mwili wa mgonjwa

Figo ndizo za kwanza. eGFR ikiwa chini ya 30, daktari apime upya kama faida ya kontrasti inazidi hatari, au aandike MRA isiyo na dawa. Ikiwa kiharusi kinaendelea, hospitali haingojei majibu ya figo, na ni sahihi isingojee.

Mwenye kisukari anayetumia metformin: kama figo ni nzuri, kwa kawaida huendelea nayo. Kama eGFR iko chini ya 30 au figo zimeumia ghafla, husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena. Uamuzi huo ni wa daktari, usiufanye nyumbani.

Dawa za presha zisiachwe. Hili nalisisitiza kwa sababu kila mara kuna aliyeambiwa asile, akaacha na vidonge, akafika na presha ya kutisha. Vidonge vimezwe na maji kidogo saa ile ile ya kawaida. Kama kituo kimeagiza kufunga kula kwa muda, fuata agizo lao.

Mzio unaohusu ni wa kontrasti yenyewe: kama aliwahi kudungwa akavimba, akawashwa au akashindwa kupumua, sema mapema. Kutodhuriwa au kudhuriwa na samaki hakuhusiani na jambo hili, kwa hiyo mtu wa ziwani anayewashwa na omena asinyimwe kipimo. Mwenye pumu kali aseme. Mwenye rovu linalofanya kazi kupita kiasi aseme pia, maana iodini inaweza kulichochea. Mama mjamzito lazima aseme kabla ya CT. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha baada ya kontrasti ya iodini.

Kwa MRI, chuma ndicho kinachoua. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu ya ubongo ya upasuaji wa zamani, risasi au kipande cha bomu mwilini: taja kila kitu. Na wale mafundi wetu wa kuchomelea na kusaga vyuma, kuanzia Kibuye hadi Eldoret, waulizwe kama waliwahi kuingiwa na chembe ya chuma kwenye jicho. Sumaku huweza kuisogeza chembe hiyo na kulipofusha jicho. Kama kuna shaka, eksirei ya macho hupigwa kwanza.

## Hatua ya 5: Ndani ya chumba cha picha

Vua herini, mkufu, meno ya bandia, vibanio vya nywele, na wigi au rasta zenye waya. Meno ya chuma hutoa mistari myeupe inayofunika ateri za sehemu ya chini ya fuvu. Simu ya M-Pesa na kadi za benki zibaki kwa msindikizaji.

Kwa CTA, kanula, ule mrija mdogo wa kudungia dawa, huwekwa kwenye mshipa mnene wa kiwiko, mara nyingi mkono wa kulia, na iwe nene kiasi: ya pinki, saizi 20, au ya kijani, saizi 18. Ukiona kanula ya bluu nyuma ya kiganja, uliza kwa upole kama itahimili mashine ya kusukuma. Ikipasuka katikati, dawa humwagika chini ya ngozi na picha hupotea.

Mwandae mgonjwa kwa atakachohisi. Dawa ikiingia, joto hupanda kutoka kifuani hadi kinenani, mdomoni huja ladha ya chuma, na wengi hudhani wamejikojolea. Hawajajikojolea, na joto linaisha ndani ya dakika moja. Nasema hivi kwa kuwa mgonjwa asiyeambiwa hushtuka na kugeuza kichwa katika zile sekunde chache zenye thamani, na picha nzima ikaharibika. Mzee asiyesikia Kiswahili vizuri aelezwe kwa Dholuo, Kiluhya, Kikalenjin au Ekegusii kabla mlango haujafungwa. Asimeze mate wala kusema wakati mashine inapiga.

Maumivu makali au uvimbe kwenye kanula si sehemu ya kipimo. Apige kelele hapo hapo.

Baada ya picha, akae kituoni kwa dakika 15 hadi 30 kanula ikiwa bado mkononi, kwa sababu mzio mkali huja katika muda huo na njia ya kumpa dawa iwe tayari. Anywe maji ya kutosha siku hiyo, isipokuwa kama moyo au figo zake zimewekewa kipimo cha maji.

## Hatua ya 6: Usiondoke bila picha zenyewe

Ripoti ni maoni ya mtu mmoja kuhusu picha, nawe unahitaji vyote viwili. Filamu ile kubwa inayopachikwa kwenye taa ina vipande vichache vilivyochaguliwa, ilhali CTA nzima ina mamia ya vipande vyembamba vinavyozungushwa kwenye kompyuta.

Omba diski yenye vipande vyote vyembamba, kwa DICOM, muundo wa faili za picha za hospitali. Kabla ya kuondoka, omba ifunguliwe kwenye kompyuta yao ukiona. Diski tupu zenye jina zuri la mgonjwa juu yake zipo nyingi, na familia hugundua wakiwa tayari kwa daktari wa neva mji mwingine.

Picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini na kutumwa WhatsApp inasaidia kumharakisha daktari, ila haitoshi kupima upenyo wa ateri. Tengeneza nakala ya pili ya diski kabla hujampa mtu ya kwanza.

## Hatua ya 7: Soma ripoti ukijua inasema nini

Ripoti itakuja kwa Kiingereza. Huhitaji kuielewa yote. Tafuta majina ya ateri, asilimia, na kama kuna mtu aliyelinganisha na dalili za mgonjwa.

Majina huandikwa kwa herufi. ICA ni ateri kubwa ya shingo inayoingia ndani ya fuvu. MCA ni ya kati, inayolisha sehemu za mkono, uso na maneno. ACA ni ya mbele, na mguu hudhoofu inapoziba. PCA ni ya nyuma, inayohusika na kuona. Vertebral na basilar ni zile za kisogoni, zinazolisha shina la ubongo.

Neno stenosis likifuatwa na asilimia ndilo ulilokuja kulitafuta. Chini ya 50 ni kubana kidogo, 50 hadi 69 ni wastani, 70 hadi 99 ni kukali, na occlusion ni kuziba kabisa.

Asilimia hiyo hupatikana hivi. Msomaji hupima upenyo wa njia ya damu mahali palipobana zaidi, kisha upenyo wa sehemu nzima ya ateri hiyo hiyo kabla ya hapo. Tuseme ateri ya kati ina milimita 3.0 mahali pazima, na 0.9 palipobana. 0.9 gawanya kwa 3.0 ni 0.3, na 1 toa 0.3 ni 0.7. Imebana kwa asilimia 70. Sasa msomaji mwingine apime 1.2 badala ya 0.9: inakuwa asilimia 60. Tofauti ya wawili hao ni milimita 0.3, na nukta moja ya picha nyingi za CTA ni kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kituo kimoja kikisema 65 na kingine 70, usikimbilie kupiga picha ya tatu. Vituo hivyo vimekubaliana kwamba ateri imebana kiasi cha kuhitaji matibabu ya dhati.

Kuna maneno yanayotisha bila sababu. Ripoti ikisema ateri moja ya vertebral ni hypoplastic, ina maana mtu alizaliwa nayo nyembamba. Watu wengi wazima wako hivyo. Vivyo hivyo PCA kuitwa fetal ni umbile tu la kuzaliwa.

Na kuna maneno yanayohitaji kipimo cha pili: MRA ikisema ateri imekatika au imepoteza alama, uliza kama CTA inaweza kuthibitisha. Kipimo kimoja kikitia chumvi, kingine hukirekebisha.

Kisha linganisha upande. Ateri ya kulia iliyobana kwa asilimia 60 haielezi mkono wa kulia uliolegea. Huenda chanzo ni moyo: mapigo yasiyo na mpangilio, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, tatizo ambalo huku bado tunalo. Ndiyo maana vipimo vya moyo, ECG (umeme wa mapigo) na eko (ultrasaundi ya moyo), huenda sambamba na picha za kichwa.

## Hatua ya 8: Uliza chanzo, kisha matibabu

Picha inaonyesha pamebana. Kwa nini pamebana ni swali la pili, na katika eneo letu halipaswi kurukwa.

Kwa mtu wa miaka 60 mwenye presha, kisukari au sigara, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa ateri. Kwa mtu wa miaka 30, fikiria zaidi. Kaunti za Nyanza zina maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za Kenya, na virusi hivyo vinaweza kuharibu ateri za ubongo. Kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo hubana ateri za chini ya fuvu. Kaswende ya zamani na tetekuwanga pia hufanya hivyo. Kijana aliyeanguka na bodaboda akaumia shingo, kisha siku chache baadaye akapooza, huenda ukuta wa ateri ya shingo ulichanika. Kwa hawa wote matibabu hubadilika kabisa, kwa hiyo vipimo vya damu na pengine maji ya uti wa mgongo ni sehemu ya uchunguzi.

Kwa mafuta yaliyoganda ndani ya fuvu, ushahidi mkubwa ulitoka kwenye utafiti wa Marekani uitwao SAMMPRIS, uliochapishwa 2011. Wagonjwa 451 wenye ateri zilizobana kwa asilimia 70 hadi 99 waligawanywa: wengine wakawekewa stenti, kijibomba cha waya cha kupanua ateri, pamoja na dawa, wengine dawa peke yake. Ndani ya siku 30, kiharusi au kifo kiliwapata asilimia 14.7 ya waliowekewa stenti, na asilimia 5.8 ya waliotumia dawa. Mtu akikuharakisha kuuza shamba ili mzee awekewe stenti ya ubongo kama tiba ya kwanza, mwulize kuhusu namba hizo.

Dawa zilizotumika huko zinapatikana katika maduka yetu ya dawa: aspirini pamoja na clopidogrel kwa siku 90, kisha aspirini, dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, na ile namba ya juu ya presha kuwekwa chini ya 140. Ziandikwe na daktari aliyeona kwamba hakuna damu iliyovuja. Kuziacha katikati kwa sababu mkono umepata nguvu ndiko kunakorudisha wagonjwa wodini.

Ateri ya shingo ni hadithi nyingine. Ikibana kwa asilimia 70 hadi 99 na mgonjwa amepata dalili za upande husika, upasuaji wa kuisafisha humsaidia sana, na husaidia zaidi ukifanywa ndani ya wiki 2. Ripoti ikisema hivyo, rufaa ni ya wiki hii.

## Mtoto mwenye selimundu asingoje kiharusi

Ukanda wa ziwa na magharibi ndiko selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita wengi, iko kwa wingi nchini. Bila kinga, takriban mtoto 1 kati ya 10 mwenye aina ya SS hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Dopla ya fuvu huiona hatari hiyo kabla haijamfikia, na bado wazazi wengi hawajawahi kuisikia.

Mtoto wa miaka 2 hadi 16 apimwe kila mwaka. Kasi ya wastani kwenye ateri ya kati ikiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, ni salama hadi mwaka ujao. 170 hadi 199, arudiwe baada ya miezi michache. 200 au zaidi, hatari ni kubwa: kipimo kirudiwe haraka na matibabu yaanze. Utafiti wa STOP wa 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye 200 na zaidi hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Pale ambapo damu ya kila mwezi haipatikani, dawa ya haidroksiyurea hushusha kasi hiyo na hutumika, chini ya uangalizi wa kliniki.

Mpeleke akiwa mzima. Homa na damu kupungua hupandisha kasi. Kilio na damu aliyoongezewa karibuni huishusha, na usingizi pia huweza kuibadilisha. Mbembeleze, mpe kitu cha kuchezea, awe macho na ametulia. Mashine za ultrasaundi za kawaida husoma kasi chini kidogo kuliko mashine maalumu ya dopla ya fuvu, kwa hiyo uliza ni ipi iliyotumika.

Kwenye daftari lake la kliniki, andika kasi ya kulia na ya kushoto, tarehe, kiwango cha damu cha siku hiyo na aina ya mashine. Daktari atakayempima mwaka ujao atazihitaji namba hizo zote ili aone kama ateri inaanza kubana.